Mstatili wa mipaka kwenye programu za ramani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ajili ya mwanafunzi anayeifungua QGIS, programu huria ya ramani, kwa mara ya kwanza, mtengeneza tovuti anayetaka ramani yake ifunguke mahali sahihi, na mpima aliyetumiwa namba nne kwenye WhatsApp bila neno jingine lolote. Mifano karibu yote ni ya Afrika Mashariki, na kuna sababu. Eneo letu limekaa juu ya Ikweta, na longitudo zake ni ndogo kiasi cha kuweza kudhaniwa kuwa latitudo. Mambo hayo mawili huzaa makosa ambayo mwongozo ulioandikiwa msomaji wa Ulaya mara nyingi hauyagusi.

Mstatili wa mipaka ni kitu gani?

Ni mstatili mdogo kuliko yote unaoweza kukizunguka kitu kizima kwenye ramani, pande zake zikifuata mhimili wa X na wa Y bila kuinama. Kitu chenyewe kinaweza kuwa nyumba, barabara, ziwa, nchi au picha ya droni. Kwa kuwa pande hazijainama, namba nne zinatosha kuueleza: ukomo wa magharibi, wa kusini, wa mashariki na wa kaskazini.

Watu huliita hivyo pia eneo la kazi walilojichorea wenyewe, hata kama halizungushi kitu kwa kubana. Chukua Dar es Salaam na viunga vyake: magharibi 39.0, kusini -7.2, mashariki 39.6, kaskazini -6.5. Namba hizi nimezikadiria kwa kuacha nafasi kidogo pembeni, na ndizo nitakazozitumia mpaka mwisho wa ukurasa.

Programu moja itauita mstatili huu bbox, nyingine extent, nyingine bounds, nyingine envelope. Usibabaike, ni kitu kilekile.

Kwa nini programu zisitumie mpaka halisi wa kitu moja kwa moja?

Kwa sababu ya muda. Mpaka wa nchi kwenye kanzidata unaweza kuwa na makumi ya maelfu ya nukta, na kuuliza kama kisima fulani kimo ndani yake ni hesabu nzito. Kuuliza kama kimo ndani ya mstatili ni kulinganisha namba mara nne tu. Basi programu huanza na mstatili, hutupa yote yaliyo mbali, kisha hufanya hesabu nzito kwa machache yaliyobaki.

Njia hii ilipata umbo lake maarufu mwaka 1984, pale Antonin Guttman alipochapisha faharasa ya R-tree, ambayo hupanga mistatili midogo ndani ya mistatili mikubwa zaidi. Leo PostGIS, kanzidata ya data za ramani, hufanya kazi kwa mtindo huo huo kupitia faharasa yake iitwayo GiST. Alama `&&` hulinganisha mistatili peke yake, wakati `ST_Intersects` huanza na mistatili kisha huhakiki kwa umbo halisi. Ukiona ulizo lako linachukua dakika nzima kwenye jedwali kubwa, jambo la kwanza la kuangalia ni kama safu ya jiometri imewekewa faharasa.

Namba nne zinaandikwa kwa mpangilio gani?

Hili ndilo swali linalokula muda wa watu kuliko yote, na jibu lake linaudhi: inategemea programu. Hakuna mpangilio mmoja. Hapa chini ni mstatili uleule wa Dar es Salaam jinsi unavyotakiwa kuandikwa sehemu mbalimbali.

GeoJSON (muundo wa faili la ramani), API ya OpenStreetMap (ramani huria ya dunia), `osmium extract -b`, `ST_MakeEnvelope` ya PostGIS na `box` ya Shapely, zote huanza magharibi, kisha kusini, mashariki, kaskazini:
`39.0,-7.2,39.6,-6.5`
(`ST_MakeEnvelope` huongezewa namba ya mfumo wa kodineti mwishoni, mfano 4326.) Katika GDAL, furushi la amri za kuchakata data za ramani, `gdalwarp -te` na `ogr2ogr -spat` hufuata mpangilio huo huo ila kwa nafasi badala ya mkato.

Overpass, huduma ya kuchota data za OpenStreetMap, huanza na kusini:
`-7.2,39.0,-6.5,39.6`

Matokeo ya utafutaji ya Nominatim, huduma ya kutafuta mahali kwa jina kwenye OpenStreetMap, hutoa latitudo mbili kwanza, halafu longitudo mbili:
`-7.2,-6.5,39.0,39.6`

Zana za uchakataji za QGIS hutaka X mbili kwanza, halafu Y mbili:
`39.0,39.6,-7.2,-6.5`

`gdal_translate -projwin` hutaka kona ya juu kushoto, kisha ya chini kulia:
`39.0 -6.5 39.6 -7.2`

Leaflet, maktaba ya ramani za tovuti, hutaka kona mbili, kila moja ikianza na latitudo:
`[[-7.2,39.0],[-6.5,39.6]]`

MapLibre nayo hutaka kona mbili, lakini kila moja ikianza na longitudo:
`[[39.0,-7.2],[39.6,-6.5]]`

Angalia kwamba `gdalwarp` na `gdal_translate` ni ndugu wa nyumba moja, zimo kwenye furushi moja la GDAL, na bado hazikubaliani. Kwa hiyo usikariri. Kila mara fungua maelezo ya amri unayoitumia, kisha jaribu kwa eneo unalolijua kwa macho kabla ya kuendesha kazi kubwa.

Chanzo cha mvutano huu ni cha zamani. Mabaharia na wapima wamezoea kutaja latitudo kwanza, na mfumo wa EPSG:4326 (longitudo na latitudo za WGS 84, zile za GPS) kwa maandishi yake rasmi unaanza na latitudo. Watu wa kompyuta wamezoea X kabla ya Y, na X ni longitudo. Kiwango cha GeoJSON, kilichotolewa Agosti 2016 kwa jina la RFC 7946, kilisimama upande wa longitudo kwanza. Mimi ningependa kila mtu angekifuata, lakini programu za zamani haziwezi kugeuzwa bila kuvunja kazi za watu.

Nimeweka kodineti za Mombasa, ramani imenipeleka Hispania. Kwa nini?

Umegeuza longitudo na latitudo. Mombasa iko karibu na latitudo -4.05 na longitudo 39.67. Zigeuze, na unapata sehemu iliyo kusini kidogo ya mji wa Toledo, katikati ya Hispania. Dar es Salaam ikigeuzwa huangukia Extremadura, magharibi ya nchi hiyohiyo. Nairobi huangukia baharini, kwenye Mediterania kati ya Hispania na Algeria. Kampala huenda kwenye nchi kavu ya Algeria. Ukiona data zako za Afrika Mashariki zimejipanga upande ule wa dunia, huna haja ya kutafuta sababu nyingine.

Ubaya ni kwamba programu hailalamiki. Latitudo haiwezi kuzidi 90, kwa hiyo mtu wa Tokyo akigeuza namba zake, 139 inakataliwa papo hapo na kosa linaonekana. Longitudo zetu ziko kati ya 29 na 42, na zote zinafaa kuwa latitudo halali. Kosa hupita kimya mpaka ripoti imechapishwa. Ndiyo maana mtu wa huku anapaswa kuzoea kuitazama ramani kwa macho kila baada ya kupakia data, hata kama programu imesema mambo yamekwenda sawa.

Alama ya kutoa nayo hupotea sana, hasa pale jedwali lilipoandikwa "6.8 S" na mtu akaifuta ile S. Dar es Salaam bila alama ya kutoa inaibukia nyanda za juu za Ethiopia.

Mstatili wa data zangu umekuwa mkubwa kupita kiasi, unafika hadi bahari ya Atlantiki. Nini kimetokea?

Kuna nukta moja au zaidi yenye kodineti 0,0. Mahali hapo ni Ghuba ya Guinea, na hutokea pale seli tupu ya jedwali inaposomwa kama sifuri. Nukta moja tu kati ya elfu kumi inatosha kuuvuta mstatili mzima.

Namna ya kuitambua: fungua sifa za tabaka kwenye QGIS, ukurasa wa "Information", usome "Extent". Kama data ni za Tanzania na ukomo wa magharibi ni 0 kamili, na wa kaskazini ni 0 kamili, umeshampata mhusika. Kwenye GeoPandas, maktaba ya Python, `total_bounds` itakuonyesha jambo hilohilo kwa mstari mmoja wa msimbo. Ninapendekeza hatua hii iwe ya kwanza kwa kila faili linalotoka kwa mtu mwingine, kabla hata ya kulipaka rangi. Namba nne zinakueleza mengi: kama data ni za nchi uliyoambiwa, kama ziko kwenye digrii au mita, na kama kuna nukta iliyopotea njia.

Kati ya -11.7 na -0.9, ipi ndiyo "ndogo"?

-11.7. Kusini mwa Ikweta, kadiri unavyoenda kusini ndivyo namba inavyopungua, ingawa tarakimu zinaonekana kukua. Kwa Tanzania, kikomo cha chini cha latitudo kinakaribia -11.7, kule mpakani na Msumbiji, na kikomo cha juu kinakaribia -1. Ukivibadilisha, baadhi ya programu zitakurudishia matokeo matupu na nyingine zitakurekebishia kimyakimya, jambo ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi, kwa sababu siku utakapohamia programu nyingine hutajua kwa nini kazi imegoma.

Kenya na Uganda zimekatwa na Ikweta, hivyo mistatili yao ina kusini yenye alama ya kutoa na kaskazini isiyo nayo. Kenya ni takriban -4.7 hadi 5.5.

Nimeomba shule zote zilizo ndani ya mstatili wa Tanzania, nikapata na za Nairobi. Kanzidata ina kasoro?

Hapana. Nairobi imo ndani ya mstatili wa Tanzania. Mstatili huo unaanza karibu na longitudo 29.3 kule Ziwa Tanganyika na kuishia zaidi ya 40.4 kule Mtwara, na kaskazini yake iko karibu na latitudo -1. Nairobi iko -1.29 na 36.82, kwa hiyo imo. Mombasa imo. Kigali imo. Gitega imo. Hata Mzuzu ya Malawi imo. Na ukichora mstatili wa Kenya, utakuta Arusha, Moshi na Mlima Kilimanjaro wenyewe vimeingia.

Hapa ndipo ningemwomba msomaji asimame kidogo. Mstatili ni chujio la kwanza. Haujui mpaka wa nchi, haujui wilaya, haujui kijiji. Taarifa ikisema "idadi ya zahanati Tanzania" huku hesabu imetokana na mstatili, taarifa hiyo imechanganya watu wa nchi tisa, na huenda ikaishia mezani kwa mtu anayegawa dawa. Baada ya kuchuja kwa mstatili, kata kwa poligoni ya mpaka halisi. Kwenye QGIS tumia "Clip" au "Extract by location". Kwenye PostGIS, `ST_Intersects` au `ST_Within` dhidi ya jedwali la mipaka. Kwenye GDAL, `ogr2ogr -clipsrc` ukiipa faili la mpaka badala ya namba nne.

Jambo hili halihusu nchi pekee. Mstatili wetu wa Dar es Salaam unaishia kaskazini kwenye -6.5. Ukiupandisha hadi -6.4 ili kupata nafasi zaidi pembeni, tayari umeichukua Kizimkazi, iliyo Unguja.

Mbona mstatili wa Tanzania unaotolewa na Nominatim unakwenda mashariki zaidi kuliko wa ramani nyingine?

Kwa sababu mpaka wa nchi kwenye OpenStreetMap unajumuisha bahari ya taifa, yaani maili 12 za baharini, ambazo ni kama kilomita 22, kutoka pwani. Seti nyingine za mipaka huishia ufukweni. Vyote viwili ni sahihi kwa kazi yake, ila usivichanganye ndani ya ripoti moja.

Kuna vitu ambavyo mstatili wa kawaida haufai kabisa?

Vitu virefu vilivyokaa mshazari. Ziwa Tanganyika ni mfano mzuri: jembamba, refu, limelala kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Zaidi ya theluthi mbili ya mstatili wake ni nchi kavu ya Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Ukipakua picha za setilaiti kwa mstatili huo, sehemu kubwa ya data uliyolipia bando si ya ziwa. Reli na barabara kuu zina tatizo hilohilo.

QGIS ina zana iitwayo "Oriented minimum bounding box", inayozungusha mstatili ufuate mwelekeo wa kitu. Unabana vizuri zaidi, lakini hauelezeki tena kwa namba nne, na seva nyingi hazitaupokea. Kwa ajili ya kupakua, njia nyepesi ni kulikata eneo kuwa mistatili midogo inayofuatana kama ngazi.

Nimepewa namba kama 530000 na 9248000. Hizi ni nini?

Ni mita za mfumo wa UTM, unaoigawa dunia kuwa kanda na kupima kwa mita. Kwa Dar es Salaam, X ya karibu 530000 na Y ya karibu 9248000 ni za kanda ya 37 kusini. Digrii haziwezi kufika huko, kwa hiyo ukiona tarakimu sita na saba jua umetoka kwenye longitudo na latitudo.

Lakini kujua kuwa ni UTM hakutoshi. Tanzania na Kenya zina ramani nyingi za zamani zilizochorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ambao kwa kanda hii ni EPSG:21037, wakati GPS hutoa WGS 84, ambayo kwa UTM ya kanda hii ni EPSG:32737. Namba za mifumo hii miwili zinafanana sana kwa macho, ila zikichanganywa bila kubadilishwa, mahali husogea takriban mita 300. Kwa mstatili wa jiji zima huenda usigundue. Kwa kiwanja, mita 300 ni mtaa mwingine.

Halafu kuna mpaka wa kanda kwenye longitudo 36. Dodoma iko magharibi yake, kanda ya 36; Morogoro iko mashariki, kanda ya 37. Anayechora barabara ya Dodoma hadi Morogoro anauvuka mpaka huo njiani, na hawezi kupata mstatili mmoja kwa kuchukua namba za kila upande na kuziunganisha. Badilisha kwanza data zote ziwe kwenye mfumo mmoja, ndipo utafute mstatili. Nchini Kenya hali ni hiyo kati ya Kisumu na Nakuru, na kikwazo cha pili ni Ikweta, kwa kuwa upande wa kaskazini na wa kusini wa kanda moja huhesabu Y tofauti. Mji wa Kigoma, kule magharibi ya Tanzania, umo kanda ya 35.

Naweza kubadilisha mstatili kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine kwa kubadilisha kona zake?

Kwa eneo dogo, matokeo yatakuwa karibu na sahihi. Kwa eneo kubwa, hapana. Upande ulionyooka kwenye mfumo mmoja unaweza kupinda kwenye mwingine, na tumbo la mpindo huo likatokeza nje ya kona ulizozibadilisha. Vitu vya pembezoni vitakatwa bila wewe kujua.

Tumia zana inayoongeza nukta katikati ya kila upande kabla ya kubadilisha. `transform_bounds` ya pyproj na ile ya Rasterio, maktaba mbili za Python, hufanya hivyo, zikiwa na nukta 21 kwa kila upande usipozitajia idadi nyingine. Pia usiubadilishe mstatili mara tatu nne kwa mfululizo. Kila badiliko hulazimisha mstatili mpya uzunguke ule wa awali ulioinama, hivyo eneo linazidi kunenepa. Rudi kila mara kwenye data asilia, uzibadilishe hizo, kisha utafute mstatili upya.

Seva ya OpenStreetMap imekataa mstatili wangu. Nifanyeje?

API yake ya kuhariri hairuhusu eneo linalozidi robo ya digrii ya mraba, wala nukta zaidi ya 50,000 kwa ombi moja. Mstatili wetu wa Dar es Salaam una upana wa digrii 0.6 na urefu wa 0.7, yaani 0.42. Umeshazidi.

Hata ukiupunguza, huenda ukagonga kikomo cha pili. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria, kwa mikono ya wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe wa mitaa, umechora jiji hili nyumba kwa nyumba na mfereji kwa mfereji ili kusaidia kukabili mafuriko. Kazi hiyo ni ya kujivunia, na matokeo yake ni kwamba kipande kidogo cha jiji kina nukta nyingi ajabu. Kama unataka Kariakoo peke yake, chora Kariakoo peke yake.

Kwa jiji zima tumia Overpass, au pakua faili la Tanzania nzima kutoka Geofabrik, tovuti inayogawa data za OpenStreetMap kwa nchi, na ukate mwenyewe kwenye kompyuta yako:

`osmium extract -b 39.0,-7.2,39.6,-6.5 tanzania-latest.osm.pbf -o dar.osm.pbf`

Njia hii ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote mwenye intaneti ya kusuasua. Unapakua mara moja usiku, kisha unakata mara nyingi upendavyo bila kumsumbua mtu.

Nyumba na barabara zilizo ukingoni huhesabiwa vipi?

Inategemea umeuliza "zinagusa" au "zimo ndani kabisa". Barabara ya Bagamoyo inatoka nje ya mstatili wetu. Ukiuliza zilizo ndani kabisa, inaweza kukosekana yote. Osmium kwa kawaida huacha barabara zikiwa nzima hata zikitoka nje, isipokuwa umeiamuru ikate kwa njia ya `simple`.

Hatari kubwa iko kwenye kuhesabu. Umegawa mji kwa mistatili inayopakana, kila mchoraji amepewa wake, kisha mmejumlisha majengo. Jengo lililokaa juu ya mstari limehesabiwa mara mbili. Dawa ni kuhesabu kwa nukta ya kati ya kila jengo, kwa kuwa nukta haiwezi kuwa pande mbili kwa wakati mmoja, na kuamua mapema nukta iliyo juu ya mstari wenyewe ni ya nani.

WMS yangu ilikuwa inafanya kazi, nimebadilisha toleo, sasa inaleta picha tupu.

WMS ni huduma ya kuomba picha za ramani kutoka kwenye seva. Toleo 1.1.1 lilitaka longitudo kwanza. Toleo 1.3.0 linafuata mpangilio rasmi wa EPSG:4326, yaani latitudo kwanza, hivyo Dar es Salaam inakuwa `-7.2,39.0,-6.5,39.6`. Ukitaka kubaki na longitudo kwanza, omba `CRS:84` badala ya `EPSG:4326`. Kumbuka pia kigezo kiliitwa `SRS` zamani na sasa ni `CRS`.

Nahitaji data za mwinuko za SRTM. Nitajuaje mafaili yanayohusu mstatili wangu?

SRTM ni data za mwinuko zilizopimwa kutoka angani. Kila faili ni mraba wa digrii moja kwa digrii moja, na jina lake linatokana na kona ya kusini-magharibi. Hapo ndipo watu wa kusini mwa Ikweta hukosea: sehemu iliyo -6.8 haimo kwenye faili la S06, imo kwenye S07, kwa kuwa faili hilo linaanzia -7 kwenda juu hadi -6. Mstatili wetu unashuka hadi -7.2, kwa hiyo unahitaji mawili: S07E039 na S08E039.

Niandike desimali ngapi?

Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, na huku kwetu karibu na Ikweta digrii ya longitudo ni karibu hivyohivyo. Desimali mbili ni kama kilomita moja, tano ni kama mita moja. Kwa mstatili wa wilaya, tatu zinatosha. Ukikaribisha namba, karibisha kuelekea nje: magharibi na kusini zishuke, mashariki na kaskazini zipande. Kukaribisha kwa kawaida kunaweza kukata nyumba ya mwisho kijijini.

Kila nikiifungua ramani yangu ya Leaflet, inazidi kurudi nyuma. Kwa nini?

Huenda unahifadhi `getBounds` na kuirudisha kwa `fitBounds`. Skrini haina umbo sawa na mstatili wako, hivyo Leaflet huchagua ukubwa wa picha unaouingiza mstatili wote, na kinachoonekana ni kikubwa kuliko ulichoomba. Ukihifadhi hicho kikubwa na kukiomba tena, unarudi nyuma hatua nyingine. Hifadhi kitovu na kiwango cha kukuza, au hifadhi mstatili wa awali bila kuugusa.

Nimtumieje mwenzangu mstatili bila kumchanganya?

Taja pande kwa majina, na taja mfumo. "Magharibi 39.0, kusini -7.2, mashariki 39.6, kaskazini -6.5, WGS 84" ni sentensi ambayo mtu wa Mwanza na wa Muscat wataielewa sawasawa. Namba nne tupu ni fumbo. Kama kazi ni nzito, mtumie faili la GeoJSON lenye poligoni ya mstatili huo, alifungue aone kwa macho.

Magharibi inaweza kuwa namba kubwa kuliko mashariki?

Inaweza, pale mstatili unapovuka longitudo 180. Fiji ndiyo mfano uliomo kwenye RFC 7946 yenyewe: magharibi 177, mashariki -178, upana wa digrii 5. Programu isiyolijua hilo itauzungusha mstatili upande mwingine wa dunia, digrii 355, na kukuletea kila kitu kilicho kwenye latitudo hizo, kasoro Fiji. Data za Afrika Mashariki hazifiki huko, lakini kama tovuti yako inapokea maombi kutoka duniani kote, kata mstatili wa aina hiyo vipande viwili kwenye 180, utafute kila kimoja, kisha uunganishe majibu.